Uso wa Vasiti Kwenye Pakiti

SEHEMU YA SABA

“Toa uso wa mwanangu kwenye hayo maboksi!”

Ndivyo Kelera alivyofoka kwenye simu wiki iliyopita, na ndipo tulipomwacha Alumita Rokovada: amesimama nje ya duka kubwa mjini Suva, mvua inapiga turubai, bendi ya polisi inajaribu matarumbeta nyuma yake, na yeye kaziba sikio moja kwa kidole akiomba awe amesikia vibaya.

“Kelera, kuna kelele hapa. Sema tena.”

“Umenisikia. Toa uso wa Vasiti. Leo hii. Sasa hivi.”

“Kwani kuna nini? Mtoto yuko vipi?”

“Hapasuliwi.”

Alumita akashika nguzo ya turubai.

“Nani kasema?”

“Daktari. Kaamka na homa, wamemtoa kwenye zamu, nafasi yake kapewa mtoto mwingine. Wale wapasuaji wa ng’ambo kesho kutwa wanapanda ndege. Na wewe uko huko unauza biskuti kwa sura yake!”

Simu ikakatwa.

Alumita akageuka. Maboksi ya biskuti za Sekoula yalikuwa yamepangwa mpaka juu kama ukuta, na kila pakiti ilikuwa na uso uleule: Vasiti, miaka tisa, pengo mbele, ua sikioni, anacheka kama mtu aliyeficha kitu. Chini ya kidevu chake maandishi mekundu yalisomeka: NUNUA PAKITI, MPONYE VASITI.

Maneno hayo aliyatunga Alumita mwenyewe. Ndiyo kazi aliyoajiriwa na shirika la Uto ni Gone, yaani Moyo wa Mtoto: kubisha milango ya makampuni, kuyabembeleza yaingie ubia, ili kila kinachouzwa dukani kichangie kuwapasua watoto wenye maradhi ya moyo. Alikuwa amefukuzwa na wenye benki, na wenye hoteli, na wenye maji ya chupa. Sekoula peke yao ndio waliomfungulia. Leo ubia unazinduliwa mbele ya kamera, na wapasuaji walikwisha kuja kwa kutegemea neno la kampuni hiyo.

“Dada! Mbona umepauka?”

Huyo ni Hirdesh Pratap, mkuu wa masoko wa Sekoula, anakuja mbio huku anaruka madimbwi, shati lake la maua limepigwa pasi mpaka linang’aa.

“Kamera tayari, wageni tayari. Hebu tabasamu kidogo, basi!”

“Bwana Pratap, tuahirishe.”

Hirdesh akacheka. Kisha akagundua anacheka peke yake.

“Tuahirishe nini?”

“Uzinduzi. Mama wa mtoto anataka picha itolewe.”

“Itolewe wapi? Pakiti ziko madukani kutoka Nausori mpaka Sigatoka! Unataka nizunguke na wembe nikikwangua uso mmoja mmoja?”

“Nipe leo tu nizungumze naye.”

“Nisikilize.” Hirdesh akamvuta pembeni, akashusha sauti. “Wakubwa wangu walitaka tudhamini raga. Raga, dada! Nchi hii nani hadhamini raga? Mimi ndiye niliyegonga meza nikasema hapana, safari hii tuwe na watoto. Nikiwarudia leo na kusema uso umeondoka, ubia nao umeondoka. Na mimi nimeondoka.”

Alumita alijua hatanii. Alijua pia kwamba wodini kuna watoto wengine wanaosubiri kisu wiki hiihii, na mama zao wanasubiri nje kwenye mabenchi. Ubia ukivunjika, nani atawalipia?

Akamkimbilia mkurugenzi wao, Osea Naivalu, aliyekuwa ameshavishwa shada la maua na anapeana mikono na wageni. Akamnong’oneza yote. Osea hakushtuka hata kidogo.

“Nenda hospitali,” alisema, meno nje, macho kwa watu. “Mtulize. Mwambie chochote.”

“Chochote kama nini?”

“Alumita, nenda.”

* * *

Vasiti alikuwa ameegemezwa kwenye mito, mrija wa oksijeni puani, kifua kinapanda na kushuka kama cha mtu aliyetoka kukimbia. Alipomwona mgeni, macho yake yakawaka.

“Nei Alu!”

Nei ni shangazi. Mtoto alijichagulia mwenyewe kumwita hivyo, na kila akiita Alumita alikuwa anayeyuka.

“Leo ndiyo siku ya biskuti? Watu wamekuja?”

“Wamekuja, mama.”

“Wengi?”

“Wengi sana.”

“Wananunua?”

Kelera alikuwa amekaa upande wa pili wa kitanda, mikono mapajani. Akainuka bila kumsalimia mtu.

“Njoo nje.”

Kwenye korido alimgeukia Alumita kwa ghafla mpaka wakakaribia kugongana.

“Umemsikia anavyouliza? Basi ndivyo anavyouliza kutwa. Nesi mmoja alimletea ile pakiti. Akajiona, akafurahi, akaniambia mama, mimi nimekuwa maarufu. Halafu akasoma yale maneno yenu. Unajua aliniuliza nini?”

Alumita alitazama mlango wa wodi.

“Aliniuliza, mama, na wasiponunua?”

Mhudumu alipita na kitoroli cha chai ya majani ya mlimau. Wote wawili wakajibana ukutani mpaka akapita.

“Tangu hapo halali,” Kelera akaendelea. “Mtu akija kumwona mgonjwa wake, Vasiti anamwita: bwana, umenunua biskuti? Kamwomba mfagiaji. Kamwomba kasisi! Jana kaisukuma sahani yake ya muhogo, ananiambia mama, kauze hii ukanunue pakiti. Mtoto ana moyo mbovu, Alumita, halafu ninyi mmemtwisha kazi ya kuuza!”

“Kelera, sikukusudia...”

“Uliandika mponye. Hukuandika msaidie, hukuandika mwombee. Mponye! Kama vile mtu akiacha biskuti dukani kamwua mwanangu.”

“Lakini picha uliikubali.”

Neno lilimponyoka. Alumita alitamani kulidaka hewani alirudishe, lakini lilikwisha kufika.

“Niliikubali,” Kelera akasema polepole. “Mume wangu yuko Australia anachuma matunda ya watu. Mimi niko hapa peke yangu na mtoto asiyeweza kupanda ngazi. Siku ile ungeniambia nikubali nini, nikakataa?”

Kabla Alumita hajapata la kusema, redio ndogo iliyokuwa kwenye meza ya manesi ikapaza sauti. Ilikuwa matangazo ya moja kwa moja, na msemaji alikuwa Hirdesh Pratap, kachangamka kama bwana harusi.

“...na nina furaha kuwatangazia, ndugu zangu! Wakati huu tunapozungumza, Vasiti wetu yuko chumba cha upasuaji! Moyo wake unatengenezwa sasa hivi, kwa sababu yenu ninyi!”

Makofi. Vigelegele. Matarumbeta.

Nesi akaruka kuizima redio, akaiangusha, ikaendelea kupiga makofi chini sakafuni.

Kutoka wodini kikasikika kisauti: “Mama? Mimi ndiye huyo?”

Kelera alimtazama Alumita. Hakufoka tena, na hilo ndilo lililotisha.

“Mwanangu yuko chumba cha upasuaji?”

“Kelera, mimi sijui nani...”

“Mbona basi namsikia ananiita?”

Akarudi ndani, akafunga mlango.

* * *

Alumita alimkuta Hirdesh nyuma ya jukwaa, anakunywa maji, anapongezwa. Akamshika shati mbele ya watu wa televisheni.

“Nani kakuruhusu kuidanganya nchi nzima?”

“Niachie shati, dada. Nimedanganya nini?”

“Vasiti hajapasuliwa! Ana homa, yuko kitandani, kakusikia redioni kwa masikio yake mwenyewe!”

Chupa ya maji ilimtoka Hirdesh mkononi.

“Usinitanie.”

“Nakutania mimi?”

“Niliambiwa!” Hirdesh akapaza sauti. “Nakuapia. Niliambiwa asubuhi, hata wewe hujapigiwa simu. Ukaja na habari zako za picha, nikadhani mama ana wasiwasi tu, mtoto yuko ndani anapasuliwa. Nikaambiwa nitangaze, watu watafurahi.”

“Na nani?”

Hirdesh hakutaja jina. Aliinua kidevu tu kuelekea jukwaani.

Osea Naivalu alikuwa anashuka ngazi, shada la maua shingoni, anajifuta jasho.

Alumita alimsogelea. Njia nzima kwenye teksi alikuwa anamtukana Hirdesh moyoni, kumbe mwongo ni mtu aliyekuwa anakula naye chakula cha mchana kila siku.

“Ulijua,” alimwambia. “Nilipokunong’oneza ulikuwa unajua.”

“Daktari alinipigia alfajiri.” Osea hata hakujitetea kwa sauti kubwa. “Nikawaza. Nikiwaambia Sekoula kwamba mtoto wa kwenye pakiti hapasuliwi, watajitoa. Wakijitoa, wale wengine wodini watarudi nyumbani wakafie huko. Nikaamua. Wapasuaji wakishaondoka tungesema kulitokea matatizo. Watu wangesahau.”

“Vasiti je? Naye angesahau?”

“Usinikazie macho hivyo. Wewe ndiye uliyeandika mponye. Uliwaahidi watu kitu ambacho hata daktari haahidi. Mimi nimeezeka tu nyumba uliyoijenga wewe.”

Yalimchoma, kwa sababu yalikuwa kweli.

Alumita hakuwa mtu wa majukwaa. Alizoea vyumba vyenye viyoyozi, kusubiri mapokezini, kucheka utani wa mabosi usiochekesha. Lakini miguu yake ilikuwa imeshaanza kupanda ngazi, na Osea alipomshika mkono, aliuchomoa kwa nguvu mpaka shada la maua likakatika likatawanyika kwenye matope.

Bendi ikanyamaza yenyewe.

“Jina langu ni Alumita,” alisema kwenye kipaza sauti, na sauti yake ikamrudia kutoka kwenye spika kama ya mtu mwingine. “Nafanya kazi Uto ni Gone. Mlichotangaziwa sasa hivi si kweli. Vasiti hajapasuliwa. Anaumwa, yuko wodini, na hatupasuliwi... hapasuliwi safari hii.”

Mnong’ono ukapita katikati ya watu.

“Kampuni haikujua. Ilidanganywa na sisi. Na maneno yaliyo kwenye pakiti niliandika mimi. Ni ya uongo. Biskuti haiponyi mtoto. Nilitaka mnunue, nikaandika litakalowauma.”

Mvua ikazidi kupiga turubai.

Mwanamke mnene aliyekuwa mbele kabisa, kikapu mkononi na pakiti ndani, akauliza kwa sauti ya kukereka: “Sasa marama, bibi yetu, tununue au tusinunue?”

Mtu mmoja akacheka, akanyamazishwa.

“Nunua kama unapenda biskuti,” Alumita akajibu. “Sehemu ya hela italipia watoto wengine, hiyo ni kweli, na wanaihitaji sana. Lakini usinunue ukidhani umeshika roho ya mtoto mkononi. Yeye mwenyewe ameanza kudhani hivyo. Halali.”

Yule mwanamke akaitazama pakiti yake muda mrefu. Akaitoa kikapuni, akaiweka juu ya maboksi, uso wa Vasiti chini. Mwingine akafanya vilevile. Kijana mmoja wa kiwanda cha biskuti akavua kofia. Baba mmoja yeye alikwenda moja kwa moja kulipa, anasema kwa sauti, “Hao wengine si watoto? Na mimi nina njaa.”

Hirdesh Pratap alisimama katikati ya hayo yote akiwa ameloa chapachapa. Hatimaye akawaita wafanyakazi wake.

“Shusheni maboksi.”

“Mangapi, bosi?”

“Yote. Pigeni simu Nausori, pigeni Navua, kila duka. Pakiti zote zitolewe.”

Akampita Alumita bila kusimama. “Nimekwisha, dada,” alisema tu. Alumita hakuelewa kama alikuwa analaumu au anaaga.

Osea ndiye aliyesimama.

“Unafurahi? Umesafisha dhamiri yako. Sasa nenda wodini ukawaeleze wale mama wengine kwa nini hakuna kampuni itakayotugusa tena. Na kitambulisho cha ofisi uniachie hapahapa.”

Alumita alikivua shingoni akampa. Kamba ilinasa kwenye nywele, ikabidi avute mara mbili.

* * *

Simu ikalia. Daktari Unaisi wa wodi ya watoto.

“Alumita! Uko wapi? Vasiti anaweza kupasuliwa!”

“Unasema?”

“Majibu ya damu yametoka, ni safi. Ile homa ilitokana na mshipa wa dripu, mkono ulivimba. Tulihamisha dripu asubuhi na homa imeshuka. Moyo haujaguswa. Nimewapigia magoti wapasuaji, wamekubali kumwongeza, awe wa mwisho kabisa, kesho asubuhi kabla hawajafunga vifaa vyao.”

Alumita alikaa juu ya boksi tupu kwenye mvua, akalia kama mtoto.

“Umemwambia Kelera?”

Daktari alisikika akifunga mlango.

“Daktari? Umemwambia?”

“Ndiyo sababu nimekupigia wewe. Kelera hayupo. Nilikwenda kumpa habari nikakuta kitanda kitupu. Kamvua mtoto mrija, kambeba mgongoni, katokea mlango wa jikoni. Mpishi alidhani wanakwenda kuota hewa.”

“Mungu wangu.”

“Alumita, nisikilize vizuri. Mtoto yule bila oksijeni, bila dawa ya mishipa, kwenye baridi hii... Mtafute. Usiulize ana muda gani. Mtafute.”

Simu ya Kelera haikupatikana. Alumita alipiga tena na tena huku anakimbilia teksi, akaahidi malipo ambayo hakuwa nayo, wakafika stendi ya mabasi. Alishuka akauliza wauza karanga, akauliza makondakta, akauliza akina mama wenye vikapu vya magimbi ya dalo waliojikunyata chini ya paa.

“Mwanamke kabeba mtoto mgongoni, mtoto mkubwa, anapumua kwa shida?”

“Huyo nimemwona,” akasema muuza karanga. “Mtoto midomo ya bluu. Walipanda basi.”

“Basi gani?”

“Marama, hapa mabasi ni mengi kuliko karanga zangu.”

Alumita akarudi kwenye teksi. “Toka tu, endesha,” alimwambia dereva, hata hajui anamtuma wapi. Gari likaingia barabarani, likanasa kwenye foleni iliyoelekea njia panda.

Ndipo simu ilipolia mkononi mwake. Namba ya Kelera.

“Kelera! Kelera, usikate, nina habari njema...”

“Nei Alu?”

Kilikuwa kisauti chembamba, na kila neno lilikuja na pumzi yake.

“Vasiti! Uko wapi, mama?”

“Ndani ya basi. Limeharibika. Mama kashuka kuomba maji. Nimechukua simu kwenye mkoba wake, nikaiwasha.”

“Umefanya vizuri sana. Basi limeandikwaje?”

“Sijui. Niko ndani.”

“Sawa, sawa. Chungulia dirishani. Unaona nini?”

“Mvua.”

“Na nini kingine, mwanangu? Jikaze, tazama.”

Alumita alisikia pumzi tu, fupi fupi, kama mtu anayepuliza moto usiotaka kushika.

“Mto,” Vasiti akasema. “Na watu wanauza kaa. Wamewafunga kamba, wananing’inia. Nei, siwezi kupu...”

Kitu kikaanguka. Abiria mmoja akapiga kelele. Simu ikazimika.

“Vasiti! Vasiti!”

Dereva alikuwa amegeuka, anamtazama. Walikuwa wamefika mbele kabisa ya njia panda.

“Marama, kushoto au kulia?”

Kutoka Suva njia ni mbili tu. Moja inakwenda mashariki, Tailevu, kwa wazazi wa Kelera. Nyingine inakwenda magharibi, Serua, kwa wakwe zake. Zote mbili zinavuka mito. Na kwenye zote mbili, mvua inaponyesha namna ile, watu hukaa kando ya barabara wakiuza kaa.

Taa ikawaka kijani. Nyuma yao magari yakaanza kupiga honi.

“Marama! Kushoto au kulia?”